Njia ya Chulebuni: Kutoka Sirari Hadi Mugumu

Mwaka 1922, walowezi waliokuwa wakilima kahawa magharibi ya Bonde la Ufa, nchini Kenya, walikumbwa na balaa ambalo lilikuwa halijaandikwa mahali popote duniani. Mibuni ilikuwa imechanua, matunda yametunga, mvua imenyesha kwa wakati wake. Kisha matunda yakiwa bado mabichi yakaanza kutoka madoa meusi yaliyobonyea. Madoa yakapanuka hadi yakalizunguka tunda zima. Matunda mengine yakaanguka, mengine yakakauka na kubaki yameng'ang'ania tawi. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea, J. McDonald, alichapisha maelezo ya ugonjwa huo mwaka 1926, na hasara aliyoieleza ilifika robo tatu ya mavuno. Wapo wakulima walioachana na kahawa moja kwa moja.

Ugonjwa huo ndio wakulima wa Tanzania wanaouita chulebuni. Habari zake zimezoeleka kusimuliwa kutoka Ruiru, kwenye kituo kikuu cha utafiti wa kahawa cha Kenya, au kutoka miteremko ya Kilimanjaro, ambako magunia mengi yalipotea na kelele zikasikika hadi wizarani. Tarime hutajwa kwa nadra, na Serengeti hutajwa kwa wanyama tu. Lakini nyanda zile za magharibi mwa Kenya ambako chulebuni ilionekana mara ya kwanza zinaendelea kusini kupitia Kisii na Bukuria, nchi ya Wakuria, hadi kwenye vilima vya Tarime. Hapana bahari, jangwa wala mlima wa theluji katikati.

Ndiyo maana niliamua kuifuata historia hii kwa miguu ya mkulima wa mkoa wa Mara: kuanzia Sirari mpakani, kupita Tarime mjini, kupanda Nyamwaga, kushuka Nyamongo hadi Mto Mara, na kuvuka kuingia Serengeti mpaka Mugumu. Ni njia isiyozidi siku moja ya gari, ila inabeba zaidi ya miaka mia na hamsini ya vita kati ya mti na kuvu.

Mpaka uliokata shamba

Sirari ni mji wa biashara. Malori yamepanga foleni, bodaboda zinakatiza, na lugha zinazosikika ni Kikuria, Kijaluo, Kikisii na Kiswahili kwa pamoja. Mstari uliozaa mji huu ulichorwa Ulaya mwaka 1886, pale Uingereza na Ujerumani zilipokubaliana kugawana eneo hili kwa mstari ulioanza mdomo wa Mto Umba pwani, ukauzunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, ukanyooka hadi pale nyuzi 1 kusini ya Ikweta inapokutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria. Wakuria wakajikuta nusu wako upande huu, nusu upande ule, wakiwa na koo zilezile, ng'ombe walewale na mashemeji walewale.

Kwa kahawa, mstari huo ulikuwa na maana kubwa. Upande wa Kenya, serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika asilime kahawa ya Arabika kwa miaka mingi, kwa kisingizio kimojawapo kwamba mashamba madogo yangeeneza magonjwa kwenye mashamba ya walowezi. Kizuizi kilianza kulegezwa miaka ya 1930 katika maeneo machache ya majaribio: Kisii, Embu na Meru. Huko Kisii, Chifu Musa Nyandusi alikuwa miongoni mwa waliotangulia kupanda. Upande wa Tanganyika mambo yalikuwa tofauti. Wachaga walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa tangu mwaka 1925, na Wahaya walikuwa na kahawa tangu kabla ya mkoloni kufika. Baadaye Arabika ikashika mizizi pia katika wilaya iliyoitwa North Mara, ambayo leo ndiyo Tarime na Rorya, kwenye miinuko ya mita 1,500 na zaidi, ikipandwa pamoja na migomba, mahindi na maharage.

Kisingizio kile cha magonjwa kinastahili kutazamwa vizuri. Chulebuni ilianzia kwenye mashamba makubwa ya walowezi, miaka kadhaa kabla Mkisii wa kwanza hajaruhusiwa kupanda mche. Wapo wataalamu wanaodhani kuwa kuvu wake aliruka kutoka kwenye kahawa pori ya misitu ya huko, ambayo ni jamaa wa karibu wa Arabika. Msitu ulikuwa umeishi na kuvu huyo kwa amani. Yaliyobadilika ni kwamba ghafla alikuta ekari kwa ekari za mti mmoja wa aina moja, mgeni asiyekuwa na kinga.

Kutoka hapo, kuvu huyo alisafiri. Kwa nguvu zake mwenyewe hafiki mbali: matone ya mvua humrusha kutoka tawi hadi tawi, mti hadi mti. Safari ndefu hubebwa na watu, kwa miche, magunia, mikono na nguo za wachumaji. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa Kongo. Miaka ya 1950 alikuwa Kamerun, na mwanzoni mwa miaka hiyohiyo alishamiri mashariki ya Bonde la Ufa, kwenye mashamba ya kati ya Kenya. Mwaka 1964 akaandikwa Tanzania. Mwaka 1971 akafika Ethiopia, nyumbani kwa Arabika yenyewe. Mpaka leo hajavuka bahari kwenda Asia wala Amerika. Chulebuni imebaki kuwa mzigo wa Afrika peke yake, na pengine ndiyo sababu dunia haiizungumzii kama inavyoizungumzia kutu ya majani, ugonjwa mwingine wa mibuni.

Tunda la wiki ya kumi

Ukipanda kutoka Tarime mjini kuelekea Nyamwaga, hewa inapoa. Asubuhi ukungu hukaa mabondeni hadi jua lipande vizuri, na majani ya mibuni hubaki na maji kwa saa nyingi. Mkulima anaifurahia hali hii kwa kuwa tunda hukomaa polepole na kahawa huwa na ladha. Kuvu naye anaifurahia vilevile. Vimelea vyake huhitaji maji yaliyotanda juu ya ngozi ya tunda na baridi ya wastani, nyuzi 20 na kidogo. Vikipata hali hiyo kwa saa chache za usiku, vinaota na kupenya ngozi.

Shika tawi lenye ugonjwa ulitazame kwa karibu. Kwenye fundo moja utakuta matunda manane au kumi ya kijani. Mawili ni mazima. Moja lina doa la kahawia lenye ukubwa wa kichwa cha sindano. Jirani yake doa limeshakuwa jeusi na limebonyea, na kama usiku kulikuwa na mvua utaona juu yake vijidonge laini vya rangi ya waridi hafifu: hivyo ndivyo vimelea vyenyewe, maelfu kwa maelfu, vikingoja tone lijalo. La tano limekauka na kuwa jeusi tii. Ukilipasua hukuti punje, unakuta unga mweusi. Mara nyingine utakuta doa la namna nyingine, jepesi, la rangi ya udongo mkavu, lililo kama kovu. Hapo mti umejaribu kujikinga na umefaulu kwa kiasi. Makovu hayo ndiyo wagunduzi wa mbegu waliyoyatafuta kwa miaka mingi, kama tutakavyoona.

Hatari kubwa iko kati ya wiki ya nne na ya kumi na nne baada ya maua, wakati tunda linapanuka. Kabla ya hapo ni dogo mno, baada ya hapo limekomaa na kuwa gumu, hadi linapoanza kuiva ndipo hulegea tena. Kwa hiyo mkulima anayepulizia dawa baada ya kuona tunda jeusi amechelewa. Dawa ya chulebuni haiponyi. Kazi yake ni kumzuia kuvu asipenye. Inatakiwa itangulie mvua, kisha irudiwe kila baada ya wiki tatu au nne katika kipindi chote cha hatari.

Mwaka 1993, wataalamu Waller na Bridge walimtenga kuvu huyu kuwa spishi yake mwenyewe na kumpa jina *Colletotrichum kahawae*. Kwa zaidi ya miaka 70 alikuwa amechanganywa na ndugu zake wasio na madhara makubwa wanaoishi kwenye magome ya mibuni.

Mrututu, ushirika na deni

Silaha ya kwanza ya mkulima ilikuwa shaba. Mwaka 1885, Mfaransa Millardet alionyesha kuwa mrututu uliochanganywa na chokaa unazuia ukungu wa mizabibu, na mchanganyiko huo ukasambaa dunia nzima. Mashamba ya kahawa ya Afrika Mashariki yaligeuka ya buluu. Baadaye zikaja dawa nyingine za viwandani. Wakulima wengi bado huziita zote mrututu au bluu kopa, hata pale ambapo kopo lina dawa nyingine kabisa.

Dawa ilifanya kazi, lakini iliwafundisha watafiti wa Kenya somo gumu miaka ya 1960: ukiipulizia kwa wakati usiofaa, ugonjwa unaweza kuzidi. Juu ya magome ya mbuni wanaishi vijidudu wengi wasio na madhara ambao hushindana na kuvu wa chulebuni kwa nafasi na chakula. Dawa iliyopigwa ovyo iliwaua hao kwanza na kumwachia adui uwanja. Tena shaba haiozi. Shamba lililopigwa mrututu kwa miongo mingi huiweka ardhini, na huko hukaa.

Kisha dawa ni fedha. Mkulima wa ekari moja mwenye bomba la mgongoni anahitaji dawa, maji ya kuchanganyia, ambayo mlimani hubebwa kichwani na kina mama na vijana, na siku za kazi mara nyingi kwa msimu. Katika nchi zenye chulebuni, kinga hii ni miongoni mwa gharama kubwa kuliko zote za kulima kahawa. Mkulima mdogo hawezi kuibeba peke yake. Aliibeba kwa ushirika. Chama cha msingi kilileta pembejeo kwa mkopo, kikakata deni kwenye malipo ya kahawa. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake, lakini dawa ilifika kabla ya mvua.

Hapo ndipo historia ya siasa inapoingia shambani. Mei 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika nchini, na mamlaka za mazao zikachukua kazi yao. Wakati huohuo baridi kali iliyopiga Brazil Julai 1975 ilikuwa imepandisha bei ya kahawa duniani, ikafika kilele chake mwaka 1977. Februari mwaka huohuo mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Fikiria maana yake kwa mtu wa Bukuria: bei ng'ambo imepanda, ofisi ya kununulia upande wake imebadilika na malipo hayana uhakika, mjomba wake anaishi hatua chache mbele, na katikati yao kuna sheria. Magendo ya kahawa yalikuwa matokeo ya kutegemewa. Kahawa iliyokwenda kwa magendo ilirudisha fedha taslimu, lakini haikurudisha dawa, ushauri wala deni la pembejeo.

Ushirika ulirudishwa kisheria mwaka 1982. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yakasambaratika na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 soko la kahawa likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na mkopo wa pembejeo uliotegemea mnunuzi mmoja ukafa, kwa kuwa mfanyabiashara aliyenunua leo hakuwa na sababu ya kukopesha dawa ya msimu ujao. Katika mikoa ya kahawa wakulima wengi waliacha kupulizia. Chulebuni haikuhitaji mwaliko mwingine.

Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu mara nyingi mkulima wa Tarime hulaumiwa kwa uzembe. Anaambiwa hapogoi, hapulizii, haokoti matunda makavu. Ni kweli kwamba kupogoa hupitisha hewa na kukausha majani mapema, na kwamba matunda meusi yakiachwa mtini ni ghala la ugonjwa wa msimu ujao. Lakini ukisoma tarehe hizo moja baada ya nyingine utaona kuwa kila mkulima alipoachwa na mfumo, kuvu ndiye aliyebaki naye.

Kuvuka Mto Mara

Barabara ya kwenda Mugumu inaacha vilima na kushuka hadi Nyamongo, kwenye dhahabu, kisha Mto Mara. Mto huu unatoka milima ya Mau nchini Kenya, unapita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha unaelekea magharibi hadi ziwani. Joto linaongezeka kwa kila kilomita. Wilaya ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1974, ni nchi ya mifugo, mihogo, mtama, mahindi, pamba na tumbaku, na kahawa ipo kwa uchache katika sehemu zinazoistahimili.

Huku chini adui anabadilika. Chulebuni hupenda baridi na unyevu wa juu. Kutu ya majani hupenda joto zaidi. Geuza jani la mbuni ulioshambuliwa utazame upande wake wa chini: utaona mabaka ya unga wa rangi ya chungwa, unaoshika kidole ukiugusa. Upande wa juu jani lina madoa ya manjano tu. Baada ya muda jani linadondoka, kisha lingine, hadi tawi linabaki na matunda yasiyo na majani ya kuyalisha. Kutu haigusi tunda. Inaunyima mti chakula hadi matawi yafe kuanzia nchani, na hasara yake huonekana msimu unaofuata.

Na kutu, kama chulebuni, ina asili yake katika nchi hizi. Vitabu vya magonjwa ya mimea vinaeleza kuwa mwaka 1861 msafiri mmoja wa Kiingereza aliikuta kwenye kahawa pori kando ya Ziwa Victoria. Hapo mti wa porini ulikuwa ukiishi nayo. Miaka 8 baadaye, mwaka 1869, Berkeley na Broome waliipa jina *Hemileia vastatrix* kutokana na majani yaliyotumwa kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, kisiwa kilichokuwa kimefunikwa na kahawa ya Waingereza. Ndani ya miaka ishirini biashara hiyo ilikuwa imekwisha, na Ceylon ikawa nchi ya chai.

Mwaka 1880 kijana mmoja mwanasayansi, Harry Marshall Ward, alipelekwa Ceylon kutafuta dawa. Alifuatilia kuvu hatua kwa hatua, akaonyesha jinsi vimelea vinavyopeperuka na kupenya kwenye vitundu vya chini ya jani. Lakini jibu alilowapa wenye mashamba halikuwa la kopo. Aliwaonyesha kuwa wameuita ugonjwa wenyewe kwa kufyeka misitu na kupanda mti mmoja, milima mizima, bila kitu cha kuzuia upepo wala cha kutenganisha shamba na shamba. Wenye mashamba walitaka dawa. Hawakupenda jibu hilo.

Kutu iliendelea na safari. Kabla ya karne ya 19 kwisha ilikuwa imefika kwenye kahawa ya Afrika Mashariki iliyolimwa mashambani, na mwaka 1912 ikaandikwa Kenya. Mwaka 1970 ikafika Brazil, na msimu wa 2012 na 2013 ikawaacha vibarua wengi wa Amerika ya Kati bila kazi. Nasi huku hatari inapanda mlima. Utafiti ulioongozwa na A. C. W. Craparo, uliochapishwa mwaka 2015, ulichambua takwimu za Tanzania na kuona kuwa kila joto la usiku linapoongezeka kwa nyuzi 1, hekta ya Arabika hupoteza takriban kilo 137 za mavuno kwa mwaka. Usiku ukizidi kuwa na joto, mpaka kati ya nchi ya kutu na nchi ya chulebuni hautabaki pale ulipo. Kutu itapanda kutoka bonde la Mara kuelekea Nyamwaga, na mkulima wa juu atapigana na wote wawili.

Mwaka 1927

Nilipokuwa nikiorodhesha tarehe za historia hii, mwaka mmoja ulinirudia mara tatu.

Mwaka 1927, katika Oubangui-Chari, ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, mibuni ilionekana ikinyauka na kufa yote, kuanzia majani hadi shina. Huo ni mnyauko fuzari. Ulitulia kwa miaka mingi, kisha ukaamka Kongo, ukathibitishwa Uganda mwaka 1993, na Kagera mwaka 1997. Umeua kahawa aina ya Robusta kwa wingi mno. Arabika ya Mara iko nje ya njia yake kwa sasa.

Mwaka huohuo wa 1927, mtafiti Tucker alieleza ugonjwa uliokuwa ukiozesha mizizi ya vanila huko Puerto Rico. Nao ulitokana na kuvu aina ya fuzari, jamaa wa yule wa kahawa. Kilimo cha vanila cha kisiwa hicho hakikupona. Ninautaja kwa sababu katika miaka ya karibuni vanila imesifiwa kwa Mtanzania kama zao la utajiri wa haraka, na haikosi kuwa masikio ya Mara nayo yamesikia. Vanila na kahawa zina historia ya pamoja kuliko wengi wanavyojua. Katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, Edmond Albius, mtumwa mwenye umri wa miaka 12, aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole. Bila yeye zao hilo lisingetoka nje ya Meksiko na kuwa biashara. Kutoka Réunion hiyohiyo mapadre wa Roho Mtakatifu walileta mbegu ya kahawa Bagamoyo, na kutoka kwao ikaenea hadi Kilema, Kilimanjaro, na Bura, Kenya.

Mazao yote mawili yalisafiri yakiwa machache. Vanila hupandwa kwa vipande vya mmea mama, kwa hiyo shamba zima ni mmea mmoja uliokatwakatwa. Arabika ya karibu dunia nzima ilitokana na mbegu chache zilizotoka Yemen. Kuvu akijifunza kufungua mlango mmoja, amefungua nyumba zote za kijiji. Hiyo ndiyo siri ya 1922, siri ya Ceylon na siri ya Puerto Rico. Anayetaka kupanda vanila Tarime au Serengeti aanze kwa kuuliza miche imetoka wapi, mizizi yake ni mizima, na maji hayatuami shambani.

Jambo la tatu la mwaka 1927 lilikuwa jema. Katika kisiwa cha Timor, ndani ya shamba la Arabika lililokuwa likiliwa na kutu, ulionekana mti uliosimama mzima. Ulikuwa chotara wa asili wa Arabika na Robusta. Kutoka kwake wagunduzi wa mbegu wamechota kinga kwa karibu miaka mia moja.

Mbegu

Mti wa Timor haukuwa peke yake. Huko Muhoroni, upande wa Kenya wa bonde la ziwa, aina iliyoitwa K7 ilichaguliwa kwa ustahimilivu wake. Aina ya Blue Mountain iliyotoka Jamaica nayo ilionekana kustahimili chulebuni tangu zama za McDonald. Na kwenye nyanda za Boma, Sudan Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1940, ilipatikana kahawa ya porini iliyoitwa Rume Sudan, ambayo ni miongoni mwa zenye kinga kubwa kuliko zote. Mwaka 1980 van der Vossen na Walyaro, wakifanya kazi Kenya, walionyesha kuwa kinga ya chulebuni inategemea vinasaba vitatu vilivyomo katika kahawa hizo. Yale makovu mepesi niliyoyaeleza kwenye tunda ni alama ya vinasaba hivyo vikifanya kazi. Katikati ya miaka ya 1980 Kenya ikatoa Ruiru 11, na mwaka 2010 ikatoa Batian.

Tanzania ilifuata njia yake. Kazi iliyoanzishwa Lyamungu, kituo cha mwaka 1934 huko Kilimanjaro, ilirithiwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001. Taasisi hiyo imetoa aina 19 za Arabika zenye kinga dhidi ya chulebuni na kutu, na ina kituo chake kidogo Sirari, palepale njia hii inapoanzia. Miche huzalishwa kwa vikonyo au kwa kubebesha, ili kila mche ubebe kinga ya mama yake.

Kwa hiyo dawa ya ugonjwa uliozaliwa ng'ambo ya mpaka ipo, na imefika hadi mpakani. Kinachosumbua sasa ni umbali kati ya Sirari na shamba la mjane wa Muriba, huko Tarime, au la kijana wa pembezoni mwa Mugumu. Mibuni mingi ya vilima hivi ni ya zamani, ya aina zisizo na kinga. Kung'oa mbuni uliopandwa na baba ni kupoteza mapato ya miaka miwili au mitatu ukingoja mche mpya uzae, na hakuna familia inayofanya hivyo kwa kuambiwa tu. Itafanya hivyo ikiwa itabadilisha mistari michache kila mwaka, miche ikizalishwa na vikundi vijijini, ushirika ukikopesha kwa masharti yanayosubiri mavuno, na bwana shamba akifika kabla ya mvua.

Yapo mambo mawili ambayo historia inatudai tuyazingatie tunapofanya hivyo. La kwanza ni kutopanda aina moja peke yake. Kutu ina makabila zaidi ya 50 yanayojulikana, na mwaka 2017 Honduras ilitangaza kuwa aina ya Lempira, iliyosifiwa kwa kinga, imeshindwa. Kinga hailindwi na karatasi ya cheti. Hulindwa na mchanganyiko wa aina shambani. La pili ni kuuchukulia mpaka kama mahali pa kupeana habari. Wataalamu wa Kisii na wa Tarime wanatazama mawingu yaleyale na kuvu yuleyule. Msimu wa ugonjwa ukianza upande mmoja, upande wa pili unatakiwa ujue wiki hiyohiyo.

Dawa ya kupulizia huokoa msimu. Mbegu huokoa kizazi. Ceylon ilionyeshwa na Ward hatari ya kupanda mti mmoja peke yake, ikaipuuza. Tarime na Serengeti hazina kisingizio cha kutojua, na serikali, ushirika na watafiti hawana kisingizio cha kuwachelewesha wakulima waishio karibu kuliko wote na chimbuko la ugonjwa. Wilaya hizi ziwekwe mstari wa mbele katika mgao wa miche yenye kinga, kila msimu, hadi mbuni wa mwisho wa aina dhaifu uwe umebadilishwa.